Kaseti Ilikuwa Nzima

Kizwite, Jumamosi jioni

Mwanangu Felista,

Umekwenda Mazwi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuruhusu kuondoka kabla hujala kwake, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Mambo ya safari sikuandikii. Tiketi unayo, nguo umepakia, na wewe ni muuguzi, mtu mzima, unajua kula na kulala. Nataka kukuandikia juu ya ile kaseti. Kesho utaondoka nayo ndani ya ile flashi yako, na huko Lindi utaisikiliza na watu wasioijua. Sitaki uwaambie tu kwamba ni muziki wa zamani aliokuwa anaupenda mama yako.

Kukueleza kwa mdomo siwezi. Yaani kusema naweza, ila nikishasema wewe unajibu, na mimi nabaki naangalia midomo yako nikikisia. Halafu unarudia. Halafu unarudia kwa nguvu, na jambo lililokuwa la taratibu linageuka kelele, mpaka jirani anachungulia akidhani tunagombana. Kwenye karatasi hakuna anayeniuliza kama nimesikia.

Nilipokuja Sumbawanga kutoka Mpui nilikuwa msichana, nauza duka la watu. Baba yako alikuwa karani kijana, amehamishwa kutoka Mbeya, hajui mtu hapa mjini. Kila siku alikuja kununua kiberiti, na hakuwa anavuta sigara. Siku moja nikamwuliza, "Kaka, hivi viberiti unavipika?" Akacheka, akaondoka bila hata kuchukua kiberiti chenyewe. Kesho yake akarudi na tiketi za bugi, dansi la mchana siku ya Jumapili. Bendi kubwa kutoka Dar es Salaam ilikuwa inapita mikoani, na ilikuja mpaka kwetu huku juu ambako bendi zilikuwa haziji.

Ilikuwa miezi ya baridi, upepo ule wetu wa kukausha midomo. Watu waliingia ukumbini na makoti. Mimi nilikuwa nimesikia muziki wa redio ya baba yangu tu, redio ya betri zinazoanikwa juani zipate nguvu. Nilidhani tarumbeta ni kitu chembamba chenye kukwaruza. Sasa pale mbele kulikuwa na safu nzima ya wapulizaji: matarumbeta, saksafoni, na mzee mmoja wa tromboni aliyevaa kofia ya sufu. Nyuma yao magitaa, dramu, tumba, na waimbaji na suti zao. Walipopuliza wote kwa pamoja mara ya kwanza nilirudi nyuma, nikamkanyaga baba yako. Sikuomba radhi. Nilikuwa nimebaki mdomo wazi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Tulicheza mpaka makoti yakavuliwa, yakalundikwa kwenye viti. Katikati ya wimbo mmoja umeme ukakatika. Magitaa yakafa palepale, na mwimbaji akasikika kwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba. Watu wakaanza kuguna. Lakini wapulizaji hawakusimama, maana midomo yao haikuhitaji umeme, na mpiga dramu akawafuata. Ndipo mtu mmoja kule nyuma akaanza kuliimba gitaa la besi kwa mdomo, jirani yake akadaka, na punde ukumbi mzima ulikuwa ni besi, wanaume kwa wanawake. Baba yako hana sauti, unajua, lakini aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mzee wa tromboni akatusogelea kwenye ukingo wa jukwaa, akawa anatuuliza kwa tromboni na sisi tunamjibu kwa midomo. Umeme uliporudi magitaa yaliingia pale pale tulipokuwa, kama vile hayakuwahi kutoka. Kijana mmoja aliyekuwa anairekodi bendi alikuwa amekaa pembeni na mashine yake ya betri, na alikuwa amenyoosha kidole gumba juu muda wote ule, kutuonyesha kwamba inaendelea.

Hiyo ndiyo kaseti yako. Ilipotoka madukani baba yako aliinunua siku hiyohiyo. Upande wa pili, ule wimbo unaofifia magitaa halafu watu wanaanza kuimba, ndio sisi. Wengine wakisikia wanasema rekodi ina kasoro.

Tulioana, ukazaliwa, na mimi nikapata kazi kwenye mashine ya kusaga. Utakumbuka unga kwenye nyusi zangu. Hukumbuki kelele kwa sababu nilikukataza kuingia ndani. Injini ya dizeli upande huu, kinu upande ule, na bati la kichwani linalotetema, na mimi katikati namimina mahindi na ulezi ya watu tangu asubuhi. Nilipoanza nilimwambia mwenye mashine kwamba nikitoka jioni masikio yanalia. Akasema, "Mama, mashine inakula mahindi. Haijawahi kula masikio ya mtu." Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka nao. Niliwahi kuziba kwa pamba, lakini nikawa siwasikii wateja, wakaninung'unikia kwamba naringa. Nikatoa pamba.

Leo nikimkumbuka yule mwenye mashine nakasirika. Alishakufa, alizikwa vizuri, na kwenye mazishi yake nilipika. Lakini hasira yangu kwake huwa haifiki mbali, kwa sababu haikuwa yeye aliyenirudisha pale kila Jumapili. Jumapili nilikuwa na ruhusa ya kupumzika. Nilikwenda mwenyewe. Watu wakitoka misa walikuja kusaga ya wiki nzima, na nilipenda kuwasikia wakisema pasipo Mama Felista kazi haiendi. Nilipenda sana, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya wasichana wengi ambako hakuna aliyejua kama nipo, na sasa mji mzima ulikuwa unanihitaji ili upike ugali.

Na baba yako Jumapili alikuwa hapa nyumbani, chumba hiki hiki, kikiwa bado hakina dari, na redio kaseti yake juu ya stuli. Kila Jumapili aliniambia, "Kaa basi, mama. Upande mmoja tu wa kaseti, kisha uende." Nami nilimjibu, "Sikiliza wewe. Mimi nitasikiliza nikipumzika." Kisha nikawa najibu kwa ukali zaidi. Nyumba ilikuwa haijaisha, na niliona kama vile yeye amekaa anakula raha wakati mimi nalisha matofali.

Siku moja walikuja jirani zetu kuchukua ngazi. Baba yako alikuwa amefungua kaseti kwa sauti kubwa, ule wimbo wa umeme kukatika, na alikuwa amesimama katikati ya chumba anaimba besi. Alikuwa na furaha kama mtoto. Akawaambia wale jirani, "Sikilizeni hapa, huyu ni mimi na mke wangu." Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka kazini, kichwa kinavuma. Nikasema mbele yao, "Muziki haujengi nyumba. Mwanamume mzima unacheza na stuli."

Jirani waliangalia chini. Baba yako aliinama, akapunguza sauti.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuifungua tena kwa sauti ya kusikika mlangoni. Aliweka sikio karibu na redio, akasikiliza peke yake kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Mimi niliona. Niliona kila Jumapili kwa miaka, na nilikuwa nikijiambia kwamba ameacha utoto. Wewe ulikuwa bweni wakati ule, ukirudi likizo ulidhani baba yako ni mtu mkimya. Hakuwa mtu mkimya. Nilimfanya awe hivyo, nyumbani mwake, kwa maneno machache niliyoyasema mbele ya watu waliokuja kuazima ngazi.

Alipougua alikwenda haraka, hilo ulilishuhudia. Baada ya matanga uliporudi chuoni niliacha kazi ya mashine. Nyumba ilikuwa imeisha, dari limepigwa, rangi imepakwa. Nikakaa. Nikaiweka kaseti, nikabonyeza, nikasubiri wapulizaji waanze. Yalikuja mambo ya chini tu, dramu na besi, kama muziki wa nyumba ya tatu. Matarumbeta hayakuwepo. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikasema mkanda umechakaa, baba yako ameupiga sana. Unajua nilimkasirikia? Marehemu, udongo wake haujakauka, nami nasema kaimaliza peke yake, hakuniachia hata kidogo.

Nikaipeleka kwa fundi redio kule Mazwi, yule mwenye kibanda cha kijani. Akafungua redio, akasafisha kwa spiriti, akaweka kaseti. Nikasimama nje ya dirisha lake nasikiliza. Nikamwambia, "Bado haijapona." Akaongeza. Nikasema, "Bado, fundi. Matarumbeta hayatoki." Alinitazama. Nikageuka, nikaona watu. Kulikuwa na dada mmoja muuza maandazi anatikisa mabega. Kulikuwa na vijana wawili wa pikipiki wameshuka, mmoja anapuliza tarumbeta ya hewani kwa vidole vyake, anafumba macho. Mtaa mzima ulikuwa unayasikia. Fundi akatoka kibandani, akaja mpaka usoni pangu, akasema polepole ili nisome midomo yake, na ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikisoma midomo ya watu kwa muda mrefu bila kujijua. Akasema, "Mama, kaseti ni nzima."

Nilimlipa, nikaichukua, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Yaliyofuata unayajua, wewe ndiye uliyenipeleka Mbeya hospitali. Unakumbuka daktari akichora sikio kwenye karatasi, akafuta kwa kalamu ile sehemu iliyokufa. Sauti za juu ndizo zinazotangulia kwenda, alisema: ndege, watoto, kengele. Hakutaja tarumbeta, na mimi sikumwuliza. Kile kifaa cha sikio ulichonitafutia kwa jasho lako najua kinakuuma kwamba sikivai. Sijawahi kukueleza kwa nini. Siku ya kwanza, ulipokwenda kwenye kibarua chako cha hapa mjini, nilikivaa, nikafunga mlango, nikafungua kaseti. Matarumbeta yalikuja, mwanangu. Yalikuja kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe. Saksafoni ilikuwa inapiga kelele kama mbuzi. Nilikitoa, nikakiweka kabatini, na sijaweza kukivaa bila kuogopa. Kwa kusikia watu kinafaa. Lakini kiligusa kile kitu kimoja ambacho nilikuwa nimekiweka kikiwa safi, ule muziki kama nilivyousikia ukumbini.

Na hata hicho hakikai. Nilidhani kichwani angalau hakuna mashine itakayokifikia. Nikawa nauimba ule wimbo jikoni, sehemu zote, wapulizaji, waimbaji, umeme unakatika, tunaingia sisi. Ukanisikia, ukaja ukacheka, ukaniandikia kwenye simu yako, "Mama, saksafoni inaingia baada ya mwimbaji, siyo kabla." Uliandika kwa wema. Lakini nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeukosea muda wote ule na hakukuwa na wa kunisahihisha. Aliyekuwepo angenisahihisha, na mimi nilimwambia anacheza na stuli.

Sasa nikuambie kuhusu Jumapili zetu, mimi na wewe, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani zilikuwa za kunihurumia. Ulipoihamishia kaseti kwenye flashi na kuleta ile spika ndefu, nilidhani unajisumbua. Ukanikalisha, ukaweka viganja vyangu juu ya mbao yake, besi ikaja mpaka viwiko. Halafu ukasimama mbele yangu, ukawa unanionyesha: vidole vitatu mdomoni ni matarumbeta, mikono chini pembeni ni saksafoni, mkono unaokwenda mbele na kurudi ni yule mzee wa tromboni. Ulijifunza wimbo mzima ili unionyeshe. Mara ya kwanza wimbo ulipofika pale umeme unapokatika, besi ilikufa mikononi mwangu, nikakuangalia, na wewe ulikuwa umefumbua mdomo unaimba besi kwa mishipa ya shingo, kwa uso wa baba yako. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ilikuwa raha, Felista. Raha kamili, siyo nusu. Nakuambia kwa sababu sikumwambia baba yako alipokuwa anasubiri kuambiwa.

Kwa hiyo barua yako ya ajira ya Lindi ilipokuja, nilijua inachukua nini. Siku ile ile ndiyo nilikuwa nimetoka kukoswakoswa na pikipiki pale Mazwi. Yule kijana alishuka, akafoka, "Mama vipi, wewe kiziwi?" Nikasema, "Ndiyo." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Akanisaidia, masikini, kuokota vitunguu vyangu. Jirani alikusimulia, ukarudi nyumbani umekunja uso, ukaandika kwa herufi kubwa, "MAMA, SIENDI."

Nilikufokea. Nilisema sikukulea uwe fimbo ya kipofu, na kama unataka kukaa ukae, lakini usinisingizie mimi. Uliondoka mezani bila kula. Leo nataka ujue kilichokuwa ndani. Kabla hujaandika, niliomba uandike hivyo hivyo. Nilitaka ubaki. Ulipoandika nilifurahi kwanza, kisha nikajichukia kwa kufurahi, na hasira hiyo ndiyo iliyokufikia wewe. Sijui kama nitaacha kutamani ubaki. Usisubiri niache.

Huko kazini watakusifu. Una mikono mizuri na huwezi kumwacha mgonjwa analia, watakujua baada ya wiki moja, na watasema pasipo Felista kituo hakiendi. Utasikia utamu wake, ni utamu kweli, mimi niliula kwa miaka. Sina la kukuzuia. Nakuambia tu nilichokiona mwisho wake: waliokuwa wananisifu wamepata mashine nyingine, ya umeme, haina kelele, na anayesaga ni binti mdogo. Nikipita ananiamkia. Siku hizi nikiona mdomo wa kijana unafunguka natanguliza marahaba, kwa usalama. Juzi nilimwitikia marahaba mtu aliyekuwa ananipa pole.

Na kama utapata mtu huko, na siku moja ukamkuta amesimama katikati ya chumba anaimba vibaya, na wewe umechoka, na kichwa kinakuvuma, usiseme chochote. Huhitaji kucheza. Kaa tu, weka mfuko chini, kaa. Neno lililotoka mbele ya watu halirudi, hata ukimwomba mtu radhi, na mimi sikumwomba. Nilikuwa namngoja aongeze sauti mwenyewe, ili nisilazimike kusema.

Flashi ni yako. Usiisikilize kwa ajili yangu, na usinieleze ulivyoisikiliza, wala usilie juu yake mbele za watu. Ifungulie sauti ya kutosha. Ukipata wenzio wawili watatu, wafundishe kuimba ile besi pale magitaa yanapokufa. Ni rahisi, hata asiye na sauti anaweza.

Mbwa wa jirani amesimama getini anatikisa mkia, bila shaka unakuja. Nimalizie la simu.

Usinipigie. Najua utasahau. Utashuka stendi kule ukiwa umechoka na mkono utakwenda wenyewe. Nitaona jina lako linawaka kwenye kioo, na nitapokea, kwa sababu sitaweza kuliacha lizime. Nitasema, "Haloo, Felista, umefika?" Na wewe utanijibu, na mimi nitakuwa nimeishika simu sikioni sijui kama umefika. Niandikie ujumbe. Hata neno moja linatosha.

Mama yako,
Oresta